Kaseti ya Mlembe

Betri nne zilipangwa juu ya kipande cha bati kilichofunika banda la kuku, zikianikwa kama muhogo. Biasha alizigeuza moja moja kwa ncha za vidole, maana zilikuwa zimeshika moto. Moja akaiuma kidogo kwa meno ya nyuma, akaitazama, akairudisha juani.

"Zina moyo?" Abdurahmani aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholala, ananoa panga.

"Mbili zina moyo. Mbili zimekufa, ila zinaona aibu kusema."

Betri zenyewe zilikuwa zimetoka dukani kwa nusu chupa ya asali. Mwenye duka alitoa mbili mpya, na mbili akazichomoa kwenye tochi yake mwenyewe, akaapa kwamba bado zinawaka. Mwaka ule wanunuzi wa korosho walipita kijijini mara moja tu, wakachagua nyeupe, wakaacha nyeusi, wakaondoka na gari lao. Barabara ilikuwa haijashikwa na mtu tangu mvua za Elnino. Aliyekuwa na asali alikuwa na kitu cha kutoa mkononi.

Betri zilikuwa za redio ya shule. Mradi wa misitu uliileta mwanzoni mwa muhula, redio kaseti kubwa nyeusi yenye mkanda wa kubebea, pamoja na maiki yenye waya. Watoto wa darasa la sita walitakiwa watoke darasani wakajifunze nje. Kila mmoja kwa zamu aliichukua redio kwa siku tatu, akarekodi sauti za mazingira, kisha akaandika daftarini: sauti gani, mahali gani, saa ngapi, mti gani. Mradi ulitoa redio na kaseti. Betri, kila mzazi na zake.

Na kulikuwa na zawadi. Mtoto atakayeleta kaseti bora angepelekwa kisiwani Songo Mnara pamoja na watoto wa shule nyingine, akaone magofu na mikoko, akarekodi na huko. Maftaha, binti pekee wa Abdurahmani na Biasha, alikuwa na miaka kumi na miwili na hajaona bahari. Jioni upepo ukivuma kutoka mashariki alinusa hewa na kuuliza kama hiyo ndiyo chumvi.

Alitoka ndani amekumbatia redio kwa mikono miwili.

"Baba, nirekodi nini? Sauda wa mwenyekiti amerekodi mvua juu ya bati. Na jogoo."

"Mvua juu ya bati ni kazi ya mwenye bati," Biasha alisema. "Wewe nenda kisimani, karekodi wanawake wanavyogombea ndoo. Kaseti itajaa pande zote mbili."

"Mama! Mwalimu Romana anataka sauti za msitu."

Abdurahmani aliacha kunoa. "Nitampeleka," alisema.

"Wapi?" Biasha aliuliza.

"Nje. Si wamesema wajifunze nje?"

"Nje ipi?"

"Nje ni nje, Mama Maftaha."

Biasha aligeuza betri nyingine. Kisha akasema polepole, "Kule kuna rangi."

"Rangi haiumi."

Rangi ilikuwa nyekundu, imepakwa kwenye mashina kuzunguka msitu wote. Miaka miwili nyuma uliitishwa mkutano wa kijiji, watu wakaambiwa kuwa msitu umekuwa hifadhi yao wenyewe, na kuanzia siku ile hakuna shoka, hakuna moto, hakuna kuingia bila kibali kilichogongwa muhuri Kilwa Masoko. Anayekubali anyooshe mkono. Wote walinyoosha, na Abdurahmani pia alinyoosha, kwa sababu jua lilikuwa kali na mkutano ulianza asubuhi. Tangu hapo aliendelea kuingia mara chache kila kiangazi, kwa njia ile ile aliyopitishwa na baba yake.

*

Waliondoka umande haujakauka. Maftaha alivaa redio begani, na baba yake akabeba shoka, kibuyu na fungu la makuti makavu. Walipofika penye miti mirefu Abdurahmani alisimama, akamwashiria binti yake abonyeze vitufe vya redio, kisha akaita.

Ulikuwa mwito wa ulimi uliotetemeka kwa muda mrefu, ukakatwa na mguno mfupi wa kifuani. Akaita tena. Mara ya nne akajibiwa. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi alitua juu ya mti wa mbele yao akaanza kelele zake, kama mtu anayetikisa kiberiti kujua kama njiti zimebaki.

"Ndiye?" Maftaha alinong'ona.

"Ndiye mlembe. Yeye anajua nyuki walipo, hana shoka. Mimi nina shoka, sijui walipo."

"Na mimi nimwite?"

"Ukimwita umfuate hadi mwisho. Huyu hachezewi. Ukimwita ukarudi nyumbani, safari nyingine anakupita kama hakujui. Na anayo haki."

Walimfuata. Ndege aliruka miti mitatu, akangoja, akaruka tena. Walipita shina lenye rangi nyekundu, na Maftaha alisimama akaandika. Mbele kidogo ulikuwapo mkongo mkubwa, na juu ya kimo cha mtu palikuwa na tundu ambalo nyuki waliingia na kutoka bila haraka. Abdurahmani aliwasha makuti, akayazima hadi yakabaki kutoa moshi, akapanda. Shoka lilianza kazi. Alipanua tundu kiasi cha mkono kupita, hakuzidisha.

"Mti gani huu, Baba?" Maftaha aliuliza kwa sauti ya darasani, maiki mkononi.

"Si unauona? Mkongo."

"Saa ngapi?"

"Andika saa nne. Usisogee, nyuki hawajui shule."

Alishuka na kibuyu kimejaa nusu. Sega moja lenye nta nyingi alilitandika juu ya jani, akalisukuma mbali na moto.

"Hilo la nani?"

"La ndege. Alikuja kazini kama sisi."

*

Jioni ile walikaa uani, wakasikiliza. Mwito ulitoka, mlembe akajibu, na Abdurahmani akajipiga gotini kwa furaha. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hajawahi kujisikia. Aliomba irudishwe nyuma mara mbili.

"Kumbe nina sauti nzuri! Mama Maftaha, ulikuwa unaficha?"

Biasha hakucheka. "Na hili shoka?"

"Limefanya nini?"

"Linasikika."

"Lisikike. Shoka ndiyo kazi yenyewe. Ukilitoa, anabaki ndege anayepiga kelele bure."

"Baba Maftaha, futa hapo. Kaseti hii itasikilizwa na bwana misitu."

Maftaha aliishika redio kama mtu anayetaka kunyang'anywa mtoto. "Mwalimu amesema tusikate kitu. Amesema anayekata amedanganya."

"Basi isikatwe," Abdurahmani alisema.

Si kwamba alikuwa mjinga. Sheria aliijua. Lakini masikioni mwake mlio wa shoka kwenye tundu la nyuki haukuwa na kosa ndani yake, ulikuwa kama mlio wa mwiko kwenye sufuria. Moyoni alijisemea kwamba watu wa mradi ni wasomi, watasikia mlembe na watafurahi. Walitaka watoto wajifunze msitu. Huyu wake alikuwa amejifunza kuliko wote.

*

Siku ya kusikiliza kaseti, madawati yalitolewa nje na kupangwa kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Wageni na viongozi walikalia madawati, wazazi wakakaa chini. Bwana misitu alikuwa kijana aliyeitwa Laurenti, si mwenyeji wa wilaya. Alifika kwa pikipiki huku vumbi limempaka mpaka kope, akauliza kama kuna maji ya kunawa. Kwenye mkoba wake alikuwa na betri mpya nne, bado zimo ndani ya nailoni.

"Leo redio itakula wali," alisema akizipachika, na watoto wakacheka.

Mwenyekiti Bakary alifungua kwa maneno marefu. Abdurahmani alimtazama tu. Walitiwa jandoni siku moja, porini pamoja, na tangu utotoni Bakary alikuwa mtu wa maneno marefu.

Kaseti ya Sauda, binti wa mwenyekiti, ikapigwa kwanza. Mvua ikanyesha juu ya bati, jogoo akawika, watu wakapiga makofi. Zikapita nyingine mbili, mbuzi na mashine ya kusaga. Kisha Mwalimu Romana, mwanamke mfupi kutoka Newala aliyekuwa na sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya bonde, akasema, "Maftaha Abdurahmani."

Redio ikalia, na mambo yakaharibika hapo hapo. Siku ya kurekodi betri zilikuwa zimechoka na mkanda ulizunguka polepole. Leo zilikuwa mpya na mkanda ulikwenda mbio. Mwito wa Abdurahmani ulitoka mwembamba na wa haraka, kama kifaranga aliyekanyagwa. Mlembe akawa mbu. "Huyu hachezewi" ikasemwa na kitoto cha miaka mitano.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama mmoja aliyekaa mbele ya Abdurahmani alijifuta machozi kwa upande wa kanga. Abdurahmani naye akatabasamu ili afanane na wenzake. Biasha aliyekuwa ubavuni kwake alitazama chini.

Kisha likaja shoka. Ko-ko-ko-ko-ko, upesi upesi.

Laurenti akanyoosha mkono. "Simamisha."

Kicheko kilikatika upande wa wakubwa kwanza, kisha kwa watoto.

"Binti, soma ulichoandika."

Maftaha alisimama wima, kisigino kwa kisigino, kama alivyofundishwa. "Sauti ya mlembe akiongoza kwenye nyuki. Saa nne asubuhi. Mahali, mkongo wa tatu kutoka alama nyekundu, upande wa ndani."

"Upande wa ndani wa hifadhi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi si mwalimu. Ulikuwa na nani?"

Maftaha alifungua mdomo, akaufunga. Ndipo alipoelewa. Abdurahmani aliona wakati wenyewe ulipomfikia, maana mabega yake yalishuka.

"Nilikuwa na redio," alisema.

Watoto wakacheka tena, na Mwalimu Romana akawanyamazisha kwa jicho.

"Hiyo ni sauti ya mtoto," Laurenti alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu mwenye kazi tano nyingine siku hiyo. "Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama uliingia msituni na wenzako mkakata mti, na hapo nitataka majina. Ama hukwenda popote, mlikaa nyuma ya nyumba mkagonga kinu na kuigiza. Ipi?"

"Mwanafunzi wangu hana tabia ya uongo," Mwalimu Romana alisema.

"Basi ameingia hifadhini na shoka."

Bakary alikohoa. Macho yake yalikuwa yamempata Abdurahmani kitambo, yakaondoka haraka. Sauti ilikuwa ya kifaranga, lakini ule mwito aliujua tangu wakiwa watoto. "Bwana misitu, hawa ni watoto. Mchezo tu huu. Mwanangu Maftaha, sema uliigiza, yaishe. Hakuna atakayekupiga. Tunaendelea na ratiba."

Ulikuwa mlango, na Bakary alikuwa ameushikilia wazi kwa mkono wake mwenyewe. Abdurahmani aliona hivyo, na alishukuru.

"Sikuigiza," Maftaha alisema.

"Sema tu, mwanangu."

"Sikuigiza, Baba Sauda."

Laurenti alivuta pumzi. "Mwalimu, andika kwenye daftari lake, kazi ya udanganyifu. Kaseti itolewe kwenye mashindano. Nyingine."

Mwalimu Romana alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Alilichukua daftari, akalifungua magotini, asiandike. Maftaha hakulia. Aliitazama tu ile kalamu.

Abdurahmani alihisi mkono wa Biasha umeshika ncha ya shati lake. "Kaa," alinong'ona. Alikuwa hajainuka bado, lakini mke wake alimjua. Wakakaa hivyo. Mwalimu akatoa kifuniko cha kalamu. Mkono wa Biasha ukaachia.

Akasimama. Alivuta hewa, akaita, ulimi ukatetemeka mpaka mwisho wa pumzi, kisha mguno wa kifuani, kwa sauti yake mwenyewe ya mtu mzima. Uwanja wa shule haukuwa mahali pake. Mwito ulipiga ukuta ukarudi. Hakuna aliyecheka.

"Hiyo ndiyo sauti," alisema. "Siku ile redio ilikuwa na njaa. Leo imeshiba, inakimbia."

Laurenti alimwangalia kuanzia miguuni. "Wewe nani?"

"Abdurahmani. Baba yake."

"Unajua unachokisema mbele ya watu wote hawa?"

"Nasema mtoto hakudanganya. Mlimwambia ajifunze nje. Nje ndiyo ile, mimi sijui nyingine."

"Una kibali?"

"Sina."

"Mti uliokata?"

"Sikuangusha mti, nilipanua tundu. Nenda kautazame, una majani yake yote."

"Sheria haisemi kuangusha, mzee wangu. Inasema shoka. Liko wapi?"

"Nyumbani."

"Kalilete."

Akaenda kulileta. Nyumba haikuwa mbali, lakini ilimbidi apite katikati ya wazazi waliokaa, wakikunja miguu kumpa njia. Aliporudi ilimbidi apite tena, shoka mkononi, na safari hii walikunja miguu zaidi. Laurenti alifunga karatasi kwenye mpini kwa uzi. Alijaza fomu juu ya dawati, akafungua kibweta cha wino, akakisogeza.

"Naandika," Abdurahmani alisema. "Niliishia darasa la nne, lakini jina langu naandika."

"Dole gumba ni upesi zaidi."

Akabonyeza dole gumba. Wino ulikuwa mwingi, na kwa kuwa hakupewa kitambaa, aliupangusa kwenye nywele zake.

Ikaamuliwa hapo hapo, Bakary akiomba sana kesi isifike Masoko. Abdurahmani angefyeka mpaka wa msitu siku saba bila malipo. Shoka lingechukuliwa. Kaseti pia, kwa kuwa ni ushahidi.

"Na safari?" Mwalimu Romana aliuliza. "Hakuna mtoto aliyefanya kazi kama hii. Amefuata maelekezo yote, bwana misitu. Mahali, saa, mti. Maelekezo ni yenu."

Laurenti alikuwa anafunga mkoba. "Mwalimu, nitaandika nini kwenye ripoti? Kwamba mshindi wetu wa mazingira amerekodi kosa la mazingira? Na mimi nina wakubwa." Alisugua macho yaliyojaa vumbi. "Mpeleke yule wa mvua."

Alipoondoka, Mwalimu Romana aliandika kwenye daftari la Maftaha, akalifunga, akampa. Nyumbani Abdurahmani aliomba alione. Kwa wino mwekundu palikuwa pameandikwa: Kweli tupu. Ishirini juu ya ishirini.

*

Siku ya nne ya kufyeka, Maftaha alimletea baba yake ugali na kisamvu kwenye kibakuli. Ilikuwa Jumamosi. Mgambo aliyewekwa kumlinda alikuwa amelala, kofia usoni. Abdurahmani alinawa, akala bila kuinua kichwa. Mikono ilikuwa imechubuka, maana panga la kijiji lilikuwa na mpini wa bomba.

"Sauda amekwenda," Maftaha alisema. "Gari limewapitia asubuhi. Ameazima viatu vyangu."

"Umempa?"

"Nimempa. Hata hivyo vinambana."

"Alichukua na redio?"

"Ndiyo. Mwenyekiti amemnunulia betri mpya." Alichezea kijiti ardhini. "Baba, ungekaa tu siku ile."

"Ningekaa, ungeandikwa mwongo."

"Ningeandikwa. Wewe usingefyeka."

Abdurahmani alilamba vidole. "Kisamvu kina chumvi nyingi," alisema. "Mwambie mama yako."

Wakati huo mlembe akaja. Alitokea ndani ya msitu, akatua kwenye tawi lililoinama juu ya shina lenye rangi nyekundu, akaanza kutikisa kiberiti chake. Akaruka mti mmoja kuelekea ndani, mkia ukaonyesha nyeupe yake. Alipoona hakuna anayekuja, akarudi kwenye tawi lile lile, akaanza upya.

Maftaha alikuwa amesimama. Ulimi wake tayari ulikuwa umegusa meno ya juu. Baba yake hakujua kwamba alikuwa amejifunza, lakini mdomo ulivyokaa ulimwambia kuwa amejifunza, na vizuri.

"Ukimwita, umfuate," alisema.

Maftaha alitazama rangi kwenye shina. Akamtazama mgambo, akatazama panga lenye mpini wa bomba. Akafunga mdomo.

Abdurahmani aliinuka kwa kushika kiuno, akarudi kwenye vichaka vyake. Nyuma yake ndege aliendelea kuita, akingoja na kuita, hadi kivuli cha shina kilipohama kutoka jiwe moja hadi jingine. Halafu akaondoka kwenda kutafuta mtu mwingine.

Maftaha alikaa chini, akatoa daftari kwenye kanga. Akaandika: Mlembe. Mpakani mwa msitu. Saa sita kasoro. Mti, mninga. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza mstari ambao Mwalimu hakuwa ameuomba.

Hakujibiwa.